“Shetani Kampitia”: Namna ya Kuandika Ukatili na Vita Ndani ya Riwaya

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Tabata. Naandika riwaya na kuirusha sehemu kwa sehemu kwenye grupu la WhatsApp, msomaji analipa shilingi 500 kwa kila sehemu. Inamhusu mtoto wa miaka 11 anayebakwa na baba yake mdogo, ndani ya nyumba ya babu aliyepigana vita vya Kagera. Sehemu ya tatu ndiyo yenye tukio lenyewe, na nilipoituma grupu liligawanyika. Wengine wamenipongeza kwa ujasiri, wengine wamejitoa. Shangazi yangu kanipigia simu, anasema naanika nguo za ndani barabarani na nafundisha watoto uchafu. Kisa kina ukweli kidogo. Je, niifute? Mpaka wa mambo haya uko wapi? Nitumie mafumbo? Halafu upande wa vita nimekwama, kwa sababu babu yangu mwenyewe alikuwa huko lakini ukimuuliza anahamisha mazungumzo. Nimeambatanisha mswada wote hadi hiyo sehemu ya tatu.

JIBU: Marahaba mwanangu.

Mswada wako niliusoma mara ya kwanza ndani ya daladala ya Mwenge. Kosa langu, kwa maana kijana niliyekaa naye siti moja alikuwa anasoma pamoja nami. Mwanzoni alikuwa anachungulia kwa wizi. Tulipofika pale mlango unapofungwa akaacha wizi, akaniinamia kabisa begani. Nikazima simu. Karibu yote nitakayokwambia yanatoka kwa kijana huyo.

Ila lile la haraka kwanza. Umesema kisa kina ukweli kidogo. Kama ukweli wenyewe ni mtoto anayeishi leo nyumba moja na mtu huyo, weka kalamu chini upige 116, namba ya msaada kwa watoto, au nenda kituo cha polisi uulize Dawati la Jinsia na Watoto. Riwaya itasubiri. Kama ni jambo la zamani na mwenyewe sasa ni mtu mzima, kamuulize. Usiishie kuomba ruhusa tu, muulize na ni kitu gani asingependa kukikuta humo. Mara nyingi ni kitu kidogo ambacho wewe usingekidhania kabisa, pengine kitenge alichovaa, pengine jina la paka wao.

Sasa shangazi. Amekuletea malalamiko mawili ndani ya kanga moja. La kwanza ni kwamba mambo haya hayaandikwi. Mwambie kwa heshima kwamba yameandikwa siku nyingi, na hapahapa kwetu. Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Ndani yake kuna baba anayempiga binti kwa ukali anaouita malezi, na binti anayetoka ndani ya ukali huo bila kinga yoyote mbele ya wanaume. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni, kisha miaka ikapita kikaja kusomeshwa mashuleni humohumo. Adam Shafi naye, katika Haini ya mwaka 2003, alituingiza kwenye mateso ya gerezani Zanzibar baada ya kuuawa kwa Mzee Karume mwaka 1972. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na wao walilitaja neno lenyewe bila kulizungushia sanda.

Lalamiko la pili hakulisema vizuri, lakini nalisikia. Namna ulivyoandika imemfanya ajione kama aliyekuwa anachungulia dirishani. Hapo ana haki.

Hebu fungua ile sehemu. Kwenye kurasa nne za tukio, umbile la yule mtoto umelitaja mara tano. Sitayanukuu maneno hayo hapa. Jiulize tu: nani anayaona? Mtoto aliyeshikwa na hofu haoni mwili wake kwa nje. Mama hayupo, babu amelala. Chumbani amebaki mtu mmoja mwenye nafasi ya kutazama, na wewe umemwazima msomaji macho ya mtu huyo. Hukukusudia, najua. Umeandika hivyo kwa sababu ndivyo mkono ulivyozoea. Chombezo tulizosoma kwenye simu zimetufundisha kwamba mlango ukifungwa, kalamu inaingia ndani na kuanza kukodoa. Chombezo ya watu wazima wawili waliotakana sina ugomvi nayo, ina wateja wake. Lakini mkono uleule ukiuandikia ukatili, msomaji anapokea kilekile alichozoea kupokea. Ndiyo maana yule kijana aliinama.

Kwa hiyo ukiniuliza mpaka uko wapi, kana kwamba kuna mstari umechorwa sakafuni na mwandishi anapimwa kwa alivyousogelea, sina mstari wa kukuonyesha. Niliwahi kuhariri mswada mkali kuliko wako, haukufunika chochote, na hakuna aya hata moja ambayo mtu angeweza kuifurahia. Niliwahi pia kurudisha mswada uliojifanya una adabu, mlango umefungwa, taa imezimwa, aya mpya, kumekucha. Ulikuwa unanuka. Kabla ya huo mlango mwandishi alikuwa ametumia kurasa sita kumtamanisha msomaji. Mimi naangalia jicho limesimama upande wa nani.

Ajabu ni kwamba jibu unalo mwenyewe, umelizika aya ya tisa. Unasema mtaa mzima ulikuwa kibanda umiza ukiangalia Simba na Yanga, na kelele zikapanda mara tatu. Mstari mmoja, halafu ukakimbilia pengine. Mwanangu, hapo ndipo pa kukaa! Kelele za goli ndizo anazozisikia mtoto, na ndizo zinazotuambia kwa nini yeye hakusikika. Zibebe uende nazo mbele. Miaka kumi na tano baadaye binti yuko kazini Posta, wenzake wamewasha mechi mapokezi, goli linaingia, watu wanaruka, yeye anajikuta anatafuta mlango wa kutokea. Hutahitaji kuturudisha kwenye kile chumba. Tutakuwa tumerudi wenyewe, na hakuna aliyeuona mwili wa mtoto.

Halafu angalia vipimo vyako. Tukio, kurasa nne. Kesho yake, mistari miwili: “Aliamka akaenda shule.” Geuza. Tukio lilichukua dakika, kesho yake inachukua maisha. Nani alimchana nywele asubuhi hiyo? Alikaa dawati lipi? Baba mdogo alipopita na kumsalimia mbele za watu, aliitikia nini? “Shikamoo” ya asubuhi ile, mtoto analazimika kuitoa kwa mtu yule, na usipoitoa unapigwa kwa kukosa adabu. Lugha nyingi hazina silaha kama hiyo. Sisi tunayo kila asubuhi na wewe umeiacha.

Na hilo jina, baba mdogo. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 2021, ana riwaya ya mwaka 1994 iitwayo Paradise. Ida Hadjivayanis ameitafsiri, na wachapishaji Mkuki na Nyota wa hapa Dar waliitoa mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Yusuf, mvulana wa miaka 12, anapandishwa treni na tajiri anayemwita ami, na kwake ni safari tu. Kumbe baba yake ana deni na yeye ndiye anayelilipia. Anayemfumbua macho ni kijana mwenzake wa dukani: huyo si ami yako. Mjeledi hauhitajiki. Neno moja la udugu linavuliwa na dunia ya mtoto inakosa sakafu. Sasa niambie, binti yako anaacha lini kusema “baba mdogo”? Au haachi kamwe, na kila anapolitamka linamkwaruza koo? Hilo ni sura nzima.

Jambo dogo la biashara kabla sijasahau. Sehemu ya pili umeikata mlango unapofungwa, ukaandika “itaendelea”, na sehemu ya tatu ikaanzia ndani. Najua kwa nini, kila anayeuza hadithi kwenye simu anakata pale penye arosto ili 500 nyingine iingie. Kwa mapenzi na upelelezi kata utakavyo. Hapa umemfanya mtoto kuwa chambo. Andika tukio lianze na kuisha ndani ya sehemu moja, na juu yake weka mstari wa tahadhari, kwa sababu kwenye grupu lenye watu 200 wapo yaliyowakuta. Wale waliojitoa hukuwauliza sababu, na usiwaulize.

Sasa maneno. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Sehemu nzima wewe msimulizi unatumia neno “kuharibiwa”. Alimharibu, ameharibiwa, tangu aharibiwe. Gari huharibika, maziwa huharibika. Neno hilo linamtazama mtoto kama mali iliyoshuka bei. “Kunajisi” linatia uchafu, na uchafu huo unamwangukia aliyetendwa. “Kumchezea” linapunguza jambo mpaka liwe utundu. “Kubaka” ni neno la polisi, la mahakama na la magazeti. Sikwambii uchague moja na kuyatupa mengine, nakwambia uyagawe. Baba atasema “kaniharibia binti”, na hicho kiambishi “ni” kitatuonyesha anayejiona ameumizwa ni nani. Bibi atasema “kamchezea”. Koplo wa zamu ataandika “kubaka”. Mtoto mwenyewe hana neno, hajapewa, ataliita “lile la siku ya mechi”. Wewe msimulizi kaa karibu na asiye na neno.

Kisha kuna sarufi. Kiswahili kina kauli ya kutendwa na ya kutendeka, na familia zetu ni mabingwa wa zote mbili. “Mtoto ameguswa.” Na nani? “Limetokea.” “Limeshatendeka, tufanyeje.” Mtenda kapeperuka. Na ile kubwa kuliko zote unaijua: “shetani kampitia.” Itazame sentensi hiyo kama mwalimu wa sarufi. Mtenda ni shetani. Baba mdogo amekuwa mtendwa, maskini, kapitiwa. Maneno mawili tu, mkosaji amegeuka mhanga na mtoto hayumo kabisa. Ndiyo maana naamini riwaya ina kazi ambayo kikao cha ukoo hakiifanyi, yaani kumrudisha mtenda kwenye sentensi yake. Sizungumzii kumtukana wala kumchora na pembe. Mpe jina, mpe kitenzi, mpe siku na saa.

Na kikao chenyewe hukukiandika! Umeandika “familia ikayamaliza”, nukta. Mimi kama msomaji wako nilifika hapo nikataka kukupigia simu. Penye giza kuliko chumbani ni sebuleni. Wazee kwenye makochi, akina mama kwenye mkeka karibu na mlango wa uani. Mama wa mtoto anaulizwa alikuwa wapi siku hiyo, yaani kesi imeshahamia kwake. Mke wa baba mdogo analia, na machozi yake yanahesabiwa kuliko ya wengine. Mmoja anasema tukachukue PF3 polisi, ile fomu ya kwenda nayo hospitali, kimya kinaingia, mwingine anauliza akifungwa ni nani atawasomesha wale wanne. Kila mtu pale anajua kwamba sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30, na ndiyo maana hakuna anayelitamka lile neno la polisi: ukilitamka, hesabu ya miaka inaanza. Kwa hiyo linatafutwa jina dogo. Kosa. Tatizo. Mtihani. Mwishowe inatajwa faini, na katikati ya yote hayo mtoto anaitwa, anapewa noti, anatumwa dukani akalete soda za wageni. Ya baba mdogo ikiwemo.

Andika hilo polepole na bila kulaani. Msimulizi akianza kulaani, msomaji anakaa upande wake salama na kusema hawa watu wabaya. Asikilize kila hoja ilivyo na mantiki, mpaka ashtuke kwamba na yeye angekubali. Kikulacho ki nguoni mwako, na ili tuamini hivyo baba mdogo lazima awe mtu tunayemjua: ndiye aliyelipa ada mwaka jana, ndiye anayetengeneza feni ikikwama. Tena nakuomba, usije ukamgongesha lori sura ya mwisho. Nusu ya miswada ninayoletewa wabaya wao wanakufa kwa lori Chalinze, na wasomaji wanapumua, mambo yameisha, hakuna aliyelazimika kuamua lolote.

Umeniuliza pia kama utumie mafumbo. Tumia, ni mali yetu, taarabu imesema mengi mazito kwa kanga na jina la ua. Ila kila fumbo liulize linamfunika nani. Likimfunika mtoto, sawa. Likimfunika mkosaji, basi ni kikao kilekile cha familia, safari hii kwa vina na mizani.

Vita sasa. Hapa una bahati kuliko unavyojua.

Umeandika mapigano ya Kagera kama filamu, mabomu, moshi, mtu anapiga kelele “songa mbele”. Hukuwepo na inaonekana. Huhitaji uwanja wa mapambano. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile mwaka 1969, kuhusu vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, mzigo wa tamthilia aliuweka kwenye njaa, kwenye kazi ya kulazimishwa, na kwenye neno la mtu mmoja linalokua mpaka linamzidi mwenyewe. Vita vyenyewe viliua wengi zaidi kwa njaa, Wajerumani walipochoma mashamba na maghala, kuliko kwa risasi. Na tazama mji wetu. Kila siku watu wanasema naenda Kariakoo kununua vitunguu, na jina hilo limetoka kwa jeshi la wapagazi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwenye vita vile, wengi wao kwa kuhara, homa na kukosa chakula. Sanamu pale Samora ni ya askari mwenye bunduki. Aliyebeba mzigo amebaki kwenye jina la soko. Vita vinakaa hivyo, ndani ya vitu tunavyoshika bila kufikiri.

Kagera nayo ina vitu vyake. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka Oktoba 1978, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na baada ya hapo tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Mimi nilikuwa mtoto Magomeni. Vita ninavyovikumbuka mimi ni foleni ya sukari, ugali wa yanga wenye rangi ya manjano, na majani ya mpapai tuliyofulia nguo kwa kukosa sabuni. Babu wa riwaya yako alirudi kwenye foleni hizo, shujaa mwenye kadi mkononi akisubiri kipande cha sabuni. Nyimbo za vita zilimpa neno moja la kubeba uovu wote, nduli, jina aliloitwa Amin. Lilikuwa neno zuri la vita na lilifanya kazi yake. Lakini likishabeba uovu wote, mwanajeshi hana pa kuweka kile alichokiona yeye, au alichokifanya kwa mikono yake. Anakaa nacho. Anahamisha mazungumzo.

Kwa babu yako, acha kumuuliza habari za vita. Muulize viatu. Walipewa saizi gani, vilikuwa vinabana? Walikula nini njiani? Walilala na nani jirani? Watu wa umri wake husema kweli kupitia viatu. Na kama bado mlango haufunguki, muulize hili: usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mabomu ya ghala la Gongo la Mboto yalipolipuka, yeye alikuwa wapi? Tabata mlisikia vizuri, wewe ulikuwa na miaka 12 au 13, pengine unakumbuka mwenyewe. Watu walikimbia na watoto migongoni bila kujua wanakokwenda. Mzee aliyepigana Kagera alifanya nini usiku ule? Alilala chini? Alicheka? Alitoka nje akasimama tu? Jibu la swali hilo linaweza kukupa vita vizima ndani ya uwanja wa nyumba yenu, bila kuvuka daraja la Kyaka kule Kagera.

Na hapo nyuzi zako mbili zinakutana, jambo ambalo kwenye mswada bado hazijafanya. Kwa sasa babu anasimulia vita upande mmoja, mtoto anaumia upande mwingine, kama wapangaji wasiosalimiana. Mwingize babu kwenye kikao. Yeye ndiye mkubwa, neno lake lingemaliza mjadala. Wote wanamgeukia. Naye anafanya kile alichojifunza miaka 30 na zaidi: ananyamaza, au anauliza kama mvua imeshika huko Bukoba. Wazee wanausoma ukimya huo kama hekima. Mtoto, akiwa mlangoni na trei ya soda, anausoma kama hukumu. Nani kati yao amesoma sawasawa sijui, na wala usituambie.

Kwa hiyo usiifute. Iondoe kwenye grupu kwa wiki mbili, waambie wasomaji unaipika upya, waliolipa warudishie au wavumilie. Shangazi mpelekee ile mpya kabla ya wote, yeye ana jicho. Nami nitumie kikao kikiwa tayari. Nataka kujua yule mtoto aliporudi dukani, chenji alimkabidhi nani.